Ukunga Uliopigwa Mapema: Homa ya Bonde la Ufa katika Pwani ya Kismayu, 1997–2007

Kati ya tarehe 19 Desemba 2006 na 20 Februari 2007, Somalia iliripoti wagonjwa 114 wa Homa ya Bonde la Ufa, na 51 kati yao walifariki. Takwimu hizi ni za Shirika la Afya Duniani. Ukizipigia hesabu, unakuta kwamba katika kila wagonjwa 100 walikufa karibu 45. Katika mlipuko huohuo Kenya iliripoti wagonjwa 684 na vifo 155, yaani kama 23 katika kila 100. Virusi vilikuwa vilevile, mvua ilikuwa ileile, na mifugo ilikuwa ikivuka mpaka uleule kati ya Jubaland na Garissa. Kwa nini basi hesabu ya upande mmoja iwe karibu mara mbili ya upande wa pili?

Mtu anaweza kujibu haraka kwamba Somalia haikuwa na hospitali. Jibu hilo ni kweli, ila linatufikisha nusu ya njia tu. Katika insha hii ninahoji kwamba jambo lililoamua nani afe na nani apone lilikuwa wakati, na kwamba wakati huo unapaswa kusomwa mara mbili: ndani ya mwili wa mgonjwa, ambako kinga huwahi au huchelewa kwa saa chache, na nje ya mwili, ambako habari ya ugonjwa huwahi au huchelewa kwa majuma. Wanahistoria huyaacha ya ndani ya mwili kwa watu wa sayansi. Nadhani kwa ugonjwa huu tukifanya hivyo tunapoteza nusu ya maelezo.

Tuanze na mahali penyewe. Pwani ninayoizungumzia inaanzia Kismayu, kusini kidogo ya mlango wa Mto Juba, na kushuka hadi Ras Kiamboni mpakani na Kenya. Baharini mbele yake umejipanga mlolongo wa visiwa vya matumbawe: Koyama, Ngumi, Chovai, Chula na vinginevyo vidogo zaidi. Wenyeji wa visiwa hivi ni Wabajuni, ambao pia huitwa Watikuu, wavuvi na mabaharia wenye lahaja yao ya Kiswahili. Bara, nyuma ya pwani hiyo, ni nchi ya wafugaji wa Kisomali wenye ng'ombe, ngamia, kondoo na mbuzi. Watu wa samaki na watu wa maziwa wamekutana katika soko la Kismayu kwa vizazi vingi, na nyama inayoliwa mjini hutoka kwa hao wa pili.

Hadi 1925 sehemu hii ilitawaliwa na Waingereza. Mwaka huo waliikabidhi Jubaland kwa Italia, na Wabajuni wakajikuta wamegawanywa na mpaka, wengine upande wa Lamu, wengine upande wa Kismayu. Miaka sita baadaye, 1931, Daubney, Hudson na Garnham walichapisha maelezo ya kwanza ya kisayansi ya ugonjwa uliokuwa umeua kondoo karibu na Ziwa Naivasha, na ugonjwa ukapewa jina la Bonde la Ufa. Jina hilo limeshika, ingawa kwa watu wa pwani linapotosha. Mtu wa Chula akilisikia anaweza kudhani ni maradhi ya watu wa Nakuru. Wafugaji wa Kisomali wana jina lao wenyewe, sandik, lenye maana ya damu ya puani. Kwa maoni yangu hilo ndilo jina bora, kwa kuwa linamwambia msikilizaji atazame nini.

Namna ugonjwa unavyokuja inajulikana vizuri. Mayai ya mbu wa jamii ya Aedes hukaa ardhini katika mabonde yaliyokauka, pengine kwa miaka, na baadhi yake huwa tayari yamebeba virusi. Mvua ikizidi kiasi na maji yakatuama kwa muda, mayai huanguliwa kwa wingi. Mifugo huumwa na mbu. Mbuzi, kondoo na ng'ombe wenye mimba huzitupa kwa pamoja, na watoto wao hufa. Binadamu huambukizwa zaidi kwa kushika damu, nyama mbichi au kijusi kilichotupwa, na pia kwa mbu. Wengi wao hupata homa ya siku chache wakapona wasijue walikuwa na nini. Ni wachache, chini ya mmoja katika 100, wanaofikia hali ya kutokwa damu, na katika hao karibu nusu hufa.

Hapa tunaweza kurudi kwenye wale 114. Ikiwa ugonjwa wote kwa jumla huua chini ya mtu mmoja katika kila 100, halafu takwimu zikaonyesha 45, maana yake ni kwamba waliohesabiwa ni karibu wale tu waliofikia kutokwa damu. Tukichukulia kwamba wote 114 walikuwa wa namna hiyo, nyuma yao wanapaswa kuwapo watu zaidi ya 11,000 walioambukizwa bila kuandikwa popote. Hesabu hii ni ya kukadiria, lakini si ya kubuni tu: katika mlipuko uliotangulia, wa 1997 na 1998, watafiti waliopima damu za watu wa wilaya ya Garissa peke yake walikadiria maambukizo 27,500. Kwa hiyo orodha ya Somalia ya 2007 tuisome kama orodha ya waliozidiwa, wala tusiidhanie kuwa orodha ya walioambukizwa.

Mlipuko huo wa 1997 ulikuja na mvua za El Niño. Mto Juba ulifurika kuanzia Oktoba, vijiji vikazama, na makadirio ya waliokufa kwa mafuriko kusini mwa Somalia yanafika watu 2,000. Serikali ya Somalia ilikuwa imeanguka tangu Januari 1991. Wabajuni wengi walikuwa wamekimbilia Kenya kwa mashua na jahazi wakati wa vita, wakaishi katika kambi za Mombasa na kwingineko, na baadhi yao walikuwa ndio kwanza wamerudi visiwani baada ya kambi za pwani kufungwa. Inafaa kukumbuka kwamba nchi hii hii, miaka 20 kabla, ndiyo iliyomaliza ndui duniani. Mtu wa mwisho kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali ya Merka, Oktoba 1977. Wakati huo walikuwapo watu wa kumfuatilia kila aliyekutana naye, nyumba kwa nyumba. Mwaka 1997 hapakuwa na wa kufuatilia.

Sasa niingie ndani ya mwili, na ninaomba wasomaji wenzangu wa Historia wanivumilie. Mwaka 1957, mjini London, Alick Isaacs na Jean Lindenmann waligundua kwamba seli iliyovamiwa na virusi hutoa kitu kinachozifanya seli nyingine zivikatae virusi. Walikiita interferoni. Kwa Kiswahili ningekifananisha na ukunga. Mwenye nyumba akivamiwa usiku hupiga ukunga. Yeye mwenyewe pengine ameshachelewa, lakini majirani husikia, wakafunga milango na kushika marungu. Seli jirani zikipata interferoni huwasha mamia ya jeni za kujikinga, na virusi vikifika vinakuta mlango umefungwa.

Virusi vya Homa ya Bonde la Ufa vina dawa ya ukunga huo. Vina protini inayoitwa NSs, ambayo huingia ndani ya kiini cha seli na kuzuia jeni ya interferoni isisomwe. Mwizi amemziba mwenye nyumba mdomo. Ushahidi wake ulipatikana kwa njia ya kuvutia. Mwaka 1974, katika Jamhuri ya Afrika ya Kati, virusi hivi vilichukuliwa kwa mgonjwa ambaye alipona, na aina moja iliyotokana navyo, iliyopewa jina la Klone 13, ilionekana baadaye kuwa imepoteza sehemu kubwa ya jeni ya NSs. Mwaka 2001 Michèle Bouloy na wenzake walionyesha kwamba Klone 13 haiwadhuru panya wa kawaida, lakini inawaua panya ambao miili yao haina uwezo wa kuisikia interferoni. Yaani ukali wa virusi hivi unategemea sana uwezo wao wa kunyamazisha. Klone 13 imekuja kutumika kuwa chanjo ya mifugo huko Afrika Kusini.

Lakini ikiwa virusi vyote vya aina ya kawaida hunyamazisha, mbona wengi hupona? Jaribio moja la maabara ya jeshi la Marekani, lililochapishwa 1990, linasaidia hapa. Kima 17 walidungwa virusi. Wote walijaa virusi damuni. Saba hawakuonyesha ugonjwa wowote, saba waliugua wakapona, na watatu walikufa kwa kutokwa damu. Tofauti kubwa iliyoonekana ilikuwa saa: interferoni iliwahi kutokea katika damu ya walionusurika, na ilichelewa katika damu ya waliokufa. Haikukosekana kwao, ilikuja wakati virusi vimeshafika kwenye ini. Katika jaribio jingine la watafiti hao, kima waliopewa interferoni kabla ya kuambukizwa, au saa chache tu baada ya hapo, walikingwa. Utafiti mwingine, uliochapishwa 2015 na kuhusu watu wa kaskazini mashariki mwa Kenya, jirani kabisa na pwani tunayoizungumzia, uliona kwamba tofauti fulani za kurithi katika njia ambazo mwili hutumia kuvitambua virusi ziliambatana na dalili kali zaidi. Miili haipigi ukunga kwa kasi moja.

Turudi Juba tukiwa na jambo hilo mkononi. Dawa inafaa ikitolewa ndani ya saa chache. Dalili za ugonjwa huanza siku mbili hadi sita baada ya kuambukizwa. Mfugaji aliyemsaidia mbuzi kuzaa Jumatatu ataanza kuhisi homa Alhamisi, na huenda akafika kwenye zahanati, kama ipo, juma linalofuata. Dirisha la tiba limeshafungwa kabla mgonjwa hajajijua kuwa ni mgonjwa. Ndiyo maana hadi leo matibabu ya ugonjwa huu ni ya kumsaidia mwili tu: maji, damu, uangalizi. Na ndiyo maana kwa ugonjwa huu tahadhari ya mapema, ile ya kumfanya mtu asimshike mnyama aliyetupa mimba, inafanya kazi ambayo dawa haiwezi kuifanya.

Je, tahadhari ilikuwapo mwaka 2006? Ilikuwapo, na ilitoka pande mbili. Wataalamu wa NASA, kwa kutazama joto la bahari na ukijani wa ardhi kwa setilaiti, walitoa onyo katika miezi ya mwisho ya mwaka huo kabla ugonjwa haujathibitishwa. Upande wa pili walikuwa wafugaji wenyewe. Jost na wenzake, katika utafiti uliochapishwa 2010, waliwahoji wafugaji wa Kisomali wa kaskazini mashariki mwa Kenya. Hao walieleza mfuatano mzima: kutoka mvua kubwa hadi mawingu ya mbu ni kama siku 24, kutoka mbu hadi mnyama wa kwanza kuugua ni kama siku 17, kutoka mnyama hadi binadamu wa kwanza ni siku nyingine 17 au 18. Watafiti hao walihitimisha kwamba makadirio ya wafugaji yaliwahi kuliko maonyo rasmi, na hayakuwa na uhakika mdogo kuliko hayo. Jumlisha siku hizo unapata karibu miezi miwili ya kujiandaa.

Hapa mfano wangu wa ukunga unafika mwisho wake, na ni vizuri uishie hapa. Ndani ya seli, aliyevamiwa ameshindwa kupiga kelele. Katika bonde la Juba kelele zilipigwa na watu waliojua wanachosema, zikapigwa mapema, na walioshindwa ni majirani. Tofauti hiyo haiwezi kuelezwa na biolojia. Inaelezwa na yaliyokuwa yakitokea Kismayu miezi ile.

Septemba 2006 Kismayu ilitwaliwa na Muungano wa Mahakama za Kiislamu. Desemba, maji yakiwa bado yametuama, vita vilianza kati ya Mahakama hizo na serikali ya mpito iliyosaidiwa na jeshi la Ethiopia. Ugonjwa ulithibitishwa Garissa katika juma la tatu la Desemba, na serikali ya Kenya ikazuia uchinjaji na usafirishaji wa mifugo huko. Upande wa Somalia hapakuwa na wa kutoa amri hiyo wala wa kuitii. Idi ya kuchinja ya mwaka huo iliangukia siku za mwisho za Desemba, na Kismayu ilianguka tarehe 1 Januari 2007. Ziweke tarehe hizi pamoja: wanyama wanachinjwa kila nyumba yenye uwezo, damu iko mikononi mwa watu, na siku moja au mbili baadaye mji unakimbiwa. Siku chache baada ya hapo Kenya ikafunga mpaka, mapigano yakahamia Ras Kiamboni. Mgonjwa ambaye mwaka wa amani angevuka kwenda Garissa, akahesabiwa Kenya na pengine akapona Kenya, sasa alibaki upande wake. Sehemu fulani ya ile tofauti ya 45 na 23 imezaliwa mpakani hapo.

Kulikuwa pia na sababu za kunyamaza. Saudi Arabia ilipiga marufuku mifugo kutoka Somalia mwaka 1998 kwa ajili ya ugonjwa huu, ikapiga tena 2000 baada ya ugonjwa kuzuka Jizan na Yemen, na marufuku hiyo ya pili ilidumu hadi 2009. Ng'ombe wa Jubaland walitegemea zaidi soko la Garissa kwa njia ya nchi kavu, na hilo nalo likafungwa. Mfanyabiashara aliyeona ng'ombe wake wakitupa mimba alijua kwamba kusema ni kujifungia soko. Simlaumu, fidia haikuwapo.

Msomaji anaweza kuuliza kama interferoni yenyewe ingewahi kufikiriwa kuwa dawa kwetu. Ilifikiriwa, ila kwa ugonjwa mwingine. Mwaka 1990 Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, chini ya Davy Koech, ilitangaza Kemron, interferoni ya kumumunya kwa kiasi kidogo sana, kuwa tiba ya UKIMWI, na Rais Moi mwenyewe aliizindua mbele ya taifa. Wagonjwa walikuja Nairobi kutoka nchi za nje. Majaribio yaliyofuata, likiwamo moja kubwa la Uganda, hayakuona faida yoyote. Tangu hapo neno interferoni, kwa Wakenya wanaolikumbuka, lina harufu ya aibu, na nadhani si haki. Kosa la Kemron lilikuwa kutangaza kabla ya kupima, na kutumia kiasi ambacho mwili hauwezi kukihisi. Kanuni ya interferoni yenyewe haikuanguka hapo.

Hilo limeonekana upya wakati wa UVIKO-19. Mwaka 2020 ilibainika kwamba karibu mgonjwa mmoja katika kila 10 wa hali mbaya alikuwa na kingamwili zinazoishambulia interferoni yake mwenyewe. Shirika la Afya Duniani lilipowapa interferoni beta wagonjwa waliokwisha kulazwa, haikuwasaidia. Lakini jaribio la Brazili na Kanada, lililochapishwa 2023, liliwapa wagonjwa sindano moja ya interferoni lambda siku za mwanzo za ugonjwa, na waliofikia kuzidiwa walipungua kwa karibu nusu. Dawa za jamii moja, matokeo mawili, na tofauti mojawapo kubwa ni siku ya kudungwa.

Nimalizie na visiwa. Takwimu za 2007 zimetolewa kwa Somalia nzima, hivyo mtu wa Koyama au Chovai hana mahali pa kuonekana ndani yake. Wapo watakaosema haidhuru: Wabajuni ni watu wa samaki, ugonjwa ni wa mifugo. Sikubaliani nao. Visiwani watu hufuga mbuzi, Idi huchinjwa visiwani kama bara, na wanaume hulala Kismayu kwa siku kadhaa wanapouza samaki. Kumbukumbu zilizopo ziko kwa wazee, na wengi wao leo wanaishi Mombasa, Malindi na Lamu, hatua chache kutoka vyuo vyetu. Anayekwenda kuwauliza asiwaulize kuhusu Homa ya Bonde la Ufa, maana jina hilo halitawaambia kitu. Awaulize kuhusu Idi ile ambayo Kismayu ilianguka kesho yake. Mbuzi walikuwa wakitupa mimba? Nyama ilitoka kwa nani? Nani alirudi kutoka mjini akitokwa na damu puani?